Mpasi aliimaliza Misri, Fayulu akaingizwa kuimaliza Nigeria

Huku Musienene, eneo la Lubero, baseball ni mchezo mgeni. Huko Marekani, Mariano Rivera alipata sifa kwa kuingia mwishoni tu, kurusha mipira ya kufunga mechi. Kazi hiyo Léopards wanaijua.

Januari 28, 2024, mjini San Pedro, kipa Lionel Mpasi mwenyewe alifunga penalti ya mwisho, RDC ikaitoa Misri 8-7.

Novemba 16, 2025, mjini Rabat, njia ya Kombe la Dunia ikiwa mashakani, kocha Sébastien Desabre alimtoa shujaa huyohuyo mwisho wa muda wa nyongeza, akamwingiza Timothy Fayulu. Angeshindwa, nani angemsamehe kocha? Fayulu aliokoa mkwaju wa Semi Ajayi, Chancel Mbemba akafunga. Nigeria nje, 4-3.