Kubana na Kuchoma: Somo Kutoka kwa Mirija Midogo ya Kaboni



Vikundi vingi hukusanya vumbi la makaa, hulichanganya na uji au udongo, kisha hulifinyanga kuwa makaa mapya ya kuuza. Basi mtu huweza kuuliza: "Kwani tukipata mashine ya kubana kwa nguvu zaidi, si tutaacha kununua unga wa uji?" Kabla ya kuchanga pesa za mashine, tuangalie jinsi kaboni inavyobadilika ikibanwa na kuchomwa.

Kaboni ni nini?

Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Almasi pia ni kaboni. Ile nyeusi ya penseli ni kaboni iitwayo grafiti, iliyochanganywa na udongo. Tofauti ni jinsi chembe zake ndogo sana, yaani atomu, zilivyoshikana.

Katika grafiti, atomu zimejipanga kama mikeka iliyorundikwa. Kila mkeka ni imara, lakini mmoja huteleza juu ya mwingine. Ndiyo sababu penseli huacha alama kwenye karatasi. Katika almasi kila atomu imeshikwa na wenzake wanne, pande zote. Hapo hakuna kuteleza.

Sasa chukua mkeka mmoja tu wa atomu, uuviringishe uwe bomba. Hiyo ndiyo nanotyubu. Mwaka wa 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza mirija hiyo, na watafiti wa nchi nyingi wakaanza kuichunguza. Ni myembamba mno: makumi ya maelfu ya mirija ikipangwa bega kwa bega ndiyo inafikia unene wa unywele mmoja. Hata hivyo, ukiivuta kwa urefu, ni imara kuliko chuma cha uzito huo huo.

Mambo matatu yanayoipata

1. Ikibanwa bila moto. Watafiti huweka mirija kidogo katikati ya ncha za almasi mbili na kuzikaza. Shinikizo likifika kama mara 20,000 ya lile la hewa tunayovuta, mirija mingi yenye ukuta mmoja huacha kuwa duara, huwa kama yai, kisha hulala bapa. Gurudumu la gari hujazwa upepo wa kama mara mbili tu! Lakini wakiilegeza mapema, mirija hurudi kuwa duara, kwa sababu atomu hazijaachana.

2. Ikichomwa bila kubanwa. Penye hewa huungua kwenye joto la mamia ya digrii, kama makaa tu. Pasipo na hewa hustahimili zaidi ya digrii 1,000. Joto likizidi sana, mirija iliyo jirani huanza kuungana ikawa minene zaidi.

3. Ikibanwa na kuchomwa pamoja. Hapa ndipo mambo hugeuka. Joto huzitikisa atomu hadi ziachane na majirani wa zamani, na shinikizo huzisukuma zishikane upya. Mirija huungana yenyewe kwa yenyewe. Shinikizo likiwa makumi ya maelfu ya mara ya hewa, na joto likiwa zaidi ya digrii 1,000, huku kukiwa na madini kama nikeli ya kusaidia, watafiti wameweza kupata almasi. Hiyo hairudi tena kuwa mirija.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, mashine ya mkono haiwezi kuzifanya atomu za vumbi la makaa zishikane. Inasogeza vumbi karibu tu. Kinacholishika ni uji au udongo, kwa hiyo msiuache. Uji wa unga wa muhogo au mahindi hushika vizuri na huungua pamoja na makaa. Udongo hauna gharama, lakini ukizidi, majivu nayo huzidi na wanunuzi hulalamika. Kubana vizuri kuna faida yake: makaa hayavunjiki ovyo njiani.

Pili, mnaochoma makaa, zibeni tanuri. Pasipo na hewa, mti hutoa maji na moshi, kaboni ikabaki. Ufa mmoja ukiachwa wazi, mtaamka asubuhi mkute majivu.

Tatu, akija mtu na mashine ya kugeuza makaa kuwa almasi, mkitakiwa kutoa kiingilio, muulizeni: inabana kwa shinikizo gani, na kwa joto gani? Asipojibu, wekeni pesa zenu.

Ya kuzungumzia kikundini

– Makaa yetu ya vumbi huvunjika kwa sababu ya kubana au kwa sababu ya kishikizo?
– Je, tumejaribu vipimo tofauti vya uji na udongo na kuandika matokeo?
– Kabla ya kununua mashine, nani ataenda kuiona ikifanya kazi?