Krayoni ya nta: alama isiyooshwa na mvua

Kiriri iko mlimani, juu ya jiji la Bujumbura, na mbao zinazoshushwa kwenye viwanja vya mteremko mara nyingi hulala nje. Msimu wa mvua, kuanzia Oktoba hadi Mei, chaki ya shule huoshwa yote, na penseli haionekani kwenye mbao mbichi ya mkaratusi. Krayoni ya nta hubaki, kwa sababu nta haiyeyuki katika maji.

Futa matope kwanza, kisha chora. Njano huonekana vizuri kwenye mbao iliyolowa, buluu kwenye mbao nyeupe. Mstari wake ni mnene, waweza kufika milimita 3 au zaidi, kwa hiyo kubalianeni mapema msumeno upite upande gani, na kipande cha kutupwa kiwekewe X. Kibarua asiyejua Kirundi ataisoma X hiyo bila mkalimani. Ikikosekana, mbao hukatwa fupi, na hasara yaweza kutolewa kwenye ujira wake.

Kwa viungo vya mlango au dirisha, rudi kwenye penseli. Rangi na vanishi hazishiki vizuri juu ya nta. Piga randa kwanza. Na usiiache krayoni juani, hulainika.