Falsafa ya Maisha na Jeraha la Nafsi

Kila mtu mzima ana falsafa yake ya maisha, hata kama hajapata kuiita kwa jina hilo. Nayo ni yale mambo machache ayaaminiyo juu ya thamani ya uhai, juu ya wajibu wake kwa wenzake, na juu ya kitu ambacho yu tayari kuvumilia taabu kwa ajili yake. Siku za salama falsafa hiyo hukaa kimya, kama nanga iliyolazwa juu ya sitaha. Dhoruba ipigapo ndipo ijulikanapo kama ni nzito au nyepesi. Vita, kufiwa, kufungwa na kudhulumiwa huweza kuacha jeraha katika nafsi: mtu hula, hulala na huamka, walakini hajui tena aishi kwa ajili ya nini. Jinsi mtu wa namna hiyo awezavyo kupata tena msimamo wa maisha yaonekana wazi katika habari za tabibu mmoja wa Vienna, Viktor Frankl.

Frankl alizaliwa tarehe 26 Machi 1905 katika nyumba ya Wayahudi. Alisomea utabibu, akashughulika hasa na maradhi ya akili na mishipa ya fahamu. Mwaka 1928 alianzisha katika mji wake vituo vya kuwashauri vijana bila ya malipo, ili kuwazuia wasijiue. Na baadaye, katika hospitali kubwa ya maradhi ya akili, aliwatibu wanawake wengi waliokuwa katika hatari iyo hiyo. Katika kazi hiyo alikwisha kuunda fikira yake kuu, kwamba haja iliyo ndani kabisa ya mwanadamu ni kuona maana katika uhai wake, na kwamba haja hiyo yapita ile ya raha na ile ya mamlaka. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa mara nyingi husemwa kuwa falsafa yake ilizaliwa katika kambi za mateso. Falsafa hiyo ilizaliwa kabla ya kambi. Kambini ilipepetwa.

Mwaka 1938 Manazi waliitwaa Austria. Mwaka 1941 Frankl alipata ruhusa ya kuhamia Marekani, lakini wazee wake hawakupata. Alipokuwa akisitasita, aliona nyumbani kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota katika magofu ya sinagogi iliyobomolewa. Juu yake ilichongwa herufi moja ya ile amri iwaagizayo watu wawaheshimu baba na mama. Akaiacha safari. Mwezi wa Desemba mwaka huo alimwoa Tilly Grosser, muuguzi. Na mwezi wa Septemba 1942 yeye, mkewe na wazee wake walichukuliwa hadi kambi ya Theresienstadt. Huko baba yake alifariki mwaka 1943. Mwezi wa Oktoba 1944 Frankl na mkewe walipelekwa Auschwitz, wakatenganishwa.

Katika kitambaa cha ndani cha koti lake alikuwa ameficha mswada wa kitabu chake cha kwanza, kazi ya miaka mingi. Siku ile ya kufika alinyang’anywa koti pamoja na mswada. Baada ya siku chache alihamishiwa kambi za kazi ngumu katika nchi ya Bavaria. Mwaka 1945, aliposhikwa na homa kali ienezwayo na chawa, alijua kuwa akilala usingizi mzito huenda asiamke. Basi alikesha akiandika upya vichwa vya fikira zake, kwa kipande cha kalamu ya risasi, juu ya vikaratasi vya kuokota.

Kambini humo aliona kuwa matumaini si kitu kimoja na maana. Mwenzake mmoja aliota ndoto kuwa ukombozi utafika tarehe 30 Machi 1945, akaishika ahadi ile kwa moyo wote. Siku ilipokaribia bila ya dalili ya ukombozi, aliugua ghafula. Tarehe 30 alipotewa na fahamu, na tarehe 31 akafa. Matumaini yaliyofungwa katika siku moja yalikatika pamoja na siku hiyo. Kinyume chake, Frankl alisimulia habari za watu wawili waliotaka kujiua, ambao wote walisema hawatarajii tena kitu chochote katika maisha. Kwa kuzungumza nao ilifahamika kuwa mmoja ana mtoto ampendaye, amngojaye katika nchi ya kigeni. Na mwingine, mtu wa elimu, ameanza mfululizo wa vitabu ambavyo hapana mtu mwingine awezaye kuvimaliza. Swali likageuzwa: badala ya kuuliza watapata nini katika maisha, waliulizwa maisha yangali yakitaka nini kwao. Geuzo hilo ndilo kiini cha falsafa yake.

Lugha ya Kiswahili yasaidia sana kulifahamu jambo hili, kwa sababu neno maana lina matumizi mapana. Twasema maana ya neno, yaani tafsiri yake. Twasema kwa maana, tukitoa sababu. Na twasema mtu wa maana au jambo la maana, tukitaja thamani na heshima. Aulizaye maana ya maisha yake huyauliza yote matatu: maisha haya yafasirike vipi, yana sababu gani, na yana thamani gani. Jeraha la nafsi huyavuruga yote kwa pamoja. Aliyepatwa na msiba haelewi kilichompata, haoni sababu ya kuendelea, na aghalabu hujiona yeye mwenyewe hana maana tena.

Frankl alifundisha kuwa maana hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kazi au tendo, yaani kile ambacho mtu hukitia ulimwenguni. Ya pili ni upendo, na kupokea mema na uzuri ulioko. Ya tatu ni msimamo ambao mtu huuchagua mbele ya taabu isiyoepukika. Njia hii ya tatu imeeleweka vibaya na wengi. Hakusema kuwa taabu ni njema, wala kuwa mtu aitafute. Taabu iwezayo kuondolewa ni wajibu kuiondoa. Kuivumilia bure si ushujaa. Mfano wake ulikuwa wa tabibu mzee aliyefiwa na mkewe, akakaa miaka miwili bila ya kupata faraja. Frankl alimwuliza ingekuwaje kama yeye ndiye aliyetangulia kufa. Mzee akajibu kuwa mkewe angaliteseka mno. Ikawa wazi kwake kuwa mateso hayo yamemwepuka mkewe, na kwamba yeye aliyebaki ndiye ayalipiaye kwa majonzi yake. Majonzi hayakuondoka, lakini yalipata mahali pa kukaa.

Frankl alikombolewa tarehe 27 Aprili 1945. Hapa ndipo habari hii inapofaa kusomwa kwa makini, kwa sababu kufunguliwa mlango si kupona. Aliandika kuwa wafungwa waliotoka hawakuweza kufurahi. Furaha ilikuwa kazi ya kujifunza upya. Wengine waliona kuwa, kwa kuwa walidhulumiwa, wana ruhusa ya kudhulumu. Siku moja mwenzake alimvuta wapite katikati ya shamba la nafaka changa. Alipokatazwa asiikanyage, alighadhibika, akataja mkewe na mtoto wake waliouawa, kana kwamba msiba huo ulimhalalishia kuiharibu mimea ya mtu. Watu wa namna hiyo, asema Frankl, walihitaji kurudishwa polepole katika kweli kwamba hapana aliye na haki ya kutenda ubaya kwa sababu ametendewa ubaya.

Yeye mwenyewe alipata habari kuwa mama yake na ndugu yake wamekufa, na kuwa Tilly alifia Bergen-Belsen. Barua zake za mwaka 1945 zaonyesha mtu mchovu, mpweke, asiye na furaha. Ila alikuwa na kitabu kilichopotea. Akakaa kukiandika upya. Kisha akaeleza habari za kambi katika kitabu kingine alichokisomesha kwa waandikaji kwa muda wa siku tisa. Vyote viwili vilitoka mwaka 1946, na mwaka huo akawekwa kuongoza idara ya maradhi ya mishipa ya fahamu katika hospitali moja ya Vienna. Mwaka 1947 alioa tena, akapata binti. Aliishi hadi tarehe 2 Septemba 1997. Mpango wa mambo haya wafundisha: kazi ilitangulia, furaha ikafuata nyuma. Kama angaliingoja furaha ndipo ashike kalamu, labda vitabu vile visingaliandikwa.

Falsafa hiyo haikukosa wapinzani. Mwanazuoni Lawrence Langer alilaumu kuwa Frankl aliyafunika maovu yasiyofasirika kwa maneno ya faraja. Lawama hiyo ina uzito. Mamilioni waliuawa bila ya kupewa nafasi ya kuchagua msimamo wowote. Na Frankl mwenyewe alikiri kuwa kuokoka kwake kulitokana sana na bahati, na kuwa waliokuwa bora kuliko wote hawakurudi. Basi falsafa yake isitumiwe kumpima aliyekufa, wala kumlaumu aliyeshindwa kupona. Ni msaada kwa aliye hai aulizaye afanye nini kesho.

Kwa hiyo, anayejitafutia falsafa ya maisha baada ya msiba halazimiki kuusifu msiba wake, wala kuusahau. Jeraha lililopona huacha kovu, nalo kovu si aibu. Limtoshalo kwa kuanzia ni swali dogo: ni nani amngojaye, na ni kazi gani ambayo isipofanywa na yeye haitafanywa? Akipata jibu moja, hata liwe dogo kama kikaratasi cha kuokota, amekwisha kushika ncha ya uzi.