Betri ya kifuani na kifafa cha Ziwa Mweru

Huku Nchelenge na kisiwani Kilwa, katika Ziwa Mweru, malaria haina likizo. Mtoto akipona ile iliyopanda kichwani, watu hushukuru na kusahau. Lakini Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo, na mwaka 2010 wakatoa matokeo: 12 walikuwa wamepata kifafa. Kati ya watoto 264 wa kulinganishwa nao, hakuna hata mmoja.

Basi ile “betri ya kifafa” wanayoiulizia wasomaji inaweza kuwasaidia? Kifaa hicho hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, na waya wake huviringishwa kwenye neva ya vagasi shingoni. Ya kulia huepukwa kwa kuwa ndiyo inayotawala zaidi mapigo ya moyo. Kwa kawaida hutoa umeme hafifu sekunde 30, hunyamaza dakika 5, huanza tena, usiku na mchana. Mgonjwa akiwa anaongea utaujua muda huo: sauti inakwaruza ghafla, kisha inarudi, maana neva hiyohiyo inahudumia koo.

Umeme wenyewe haufiki kichwani. Nyuzi nyingi za vagasi, kama 80 katika 100, kazi yake ni kupeleka habari za moyo, mapafu na tumbo kwenye shina la ubongo. Humo mna kijikundi cha seli kinachosambaza noradrenalini karibu ubongo mzima. Mwaka 1998 watafiti walikiharibu kwa panya, na tiba ikadorora. Kifafa ni seli nyingi kufyatuka kwa pamoja. Yaelekea kemikali hiyo huzitenganisha.

Tangu mtu wa kwanza awekewe kifaa hiki, Marekani mwaka 1988, karibu nusu ya wagonjwa huanguka mara chache zaidi, kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kabisa ni wachache, na vidonge huendelea. Betri nayo huisha baada ya miaka kadhaa, ikadai upasuaji mwingine.

Kwa hiyo mzazi wa huku Kashikishi asiuze mtumbwi ili kuinunua. Betri ni ya yule ambaye dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimemshinda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi wagonjwa 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na fenobabitali, dawa ya tangu 1912, ni ya bei nafuu. Mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Na mvuvi ambaye bado anaanguka asiingie ziwani peke yake, awe na betri au asiwe nayo.