Kantangaze na Mimea Imlishayo

Wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Ni nondo mdogo wa kijivujivu, asili yake Amerika ya Kusini, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2014. Jike hutaga mayai juu ya majani ya mnyanya. Kiwavi aanguliwapo hupenya kati ya ngozi mbili za jani, akala nyama yake na kuacha mabaka meupe. Kisha huwa pupa, aghalabu udongoni, hata akatoka nondo. Mzunguko huo huchukua kadiri ya mwezi mmoja.

Kumwita mdudu wa nyanya tu hakutoshi, kwani kiwavi huyo hula pia mbiringanya, mviazi na mnavu. Basi ang'oaye minyanya akaacha minavu kandokando ya shamba, amemwachia adui makao.