Hewa ukaa ndani ya mishipa: kinga ya figo yenye masharti

Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya mguu wake imeziba mara nyingi huwa na figo dhaifu pia, kwa sababu ugonjwa uleule huharibu vyote viwili. Ili daktari auokoe mguu, ni lazima kwanza aone mshipa umeziba wapi. Damu na nyama huonekana karibu sawa kwenye eksirei, kwa hiyo huingizwa kontrasti, yaani dawa ya maji yenye iodini inayozuia miale, kwa kupitia mrija mwembamba uliopenyezwa ndani ya mshipa. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, na figo zilizokwisha kuchoka zinaweza kuzidiwa na mzigo huo. Ipo njia nyingine: kuingiza kaboni dioksidi, au hewa ukaa, gesi ileile tunayoitoa kila tunapopumua. Njia hii inastahili nafasi katika hospitali zinazotibu mishipa, ila usalama wake unategemea mikono inayoitumia kuliko sifa za gesi yenyewe.

Wengi wakisikia habari hii hushtuka, maana kila muuguzi hufundishwa kuondoa hewa kwenye bomba la sindano. Hofu hiyo ina msingi. Hewa ya kawaida ni nitrojeni kwa takriban asilimia 78, nayo haiyeyuki upesi katika damu. Povu lake hukaa na kuziba njia. Kaboni dioksidi huyeyuka katika maji zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni, na mwili umezoea kuibeba hadi kwenye mapafu na kuitoa. Tangu miaka ya 1950 madaktari waliiingiza kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ili kutambua maji yaliyojaa kuzunguka moyo. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Irvin Hawkins wa Chuo Kikuu cha Florida, aliingiza kwa bahati mbaya hewa ya kawaida katika ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya tumbo, mgonjwa asidhurike, naye akaanza kuchunguza matumizi ya kaboni dioksidi ndani ya ateri. Gesi haizuii miale. Huisukuma damu kando, na mshipa huonekana kwa tofauti ndogo tu ya kivuli. Kwa hiyo njia hii ilishika kasi baada ya kuja mashine za kidijitali katika miaka ya 1980, ambazo hupiga picha kabla na baada ya gesi kuingia, kisha kuondoa kila kisichobadilika.

Faida ya kwanza ni kwamba gesi haina sumu kwa figo, wala haileti mzio unaowapata baadhi ya watu wanapochomwa kontrasti ya iodini. Faida ya pili ni wepesi wake wa kutiririka. Mnato wa kontrasti ya maji ni takriban mara 400 ya ule wa gesi hii, kwa hiyo gesi hupita kwenye mirija myembamba sana, huvuka sehemu zilizobana, na wakati mwingine hufichua mahali panapovuja damu ambapo dawa ya maji haikupaonyesha. Tena, mwaka 2022 kiwanda kikubwa cha kontrasti mjini Shanghai kilipofungwa kutokana na karantini ya Korona, hospitali za nchi nyingi zilipungukiwa na dawa hiyo. Hospitali zilizokuwa zimeizoea gesi zilibaki na njia ya akiba.

Wapo wanaosema kwamba hofu ya kontrasti kuharibu figo imetiwa chumvi. Wana hoja. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa radiolojia na taasisi ya figo za Marekani zilitoa tamko la pamoja kwamba hatari ya dawa inayochomwa kwenye vena imekuwa ikikuzwa kupita kiasi. Lakini tamko hilohilo liliendelea kutaka tahadhari kwa watu ambao figo zao ni dhaifu sana, yaani kipimo cha uchujaji wake (eGFR) kiko chini ya 30. Isitoshe, dawa inayoingizwa kwenye ateri kuu ya tumbo huweza kuzifikia figo moja kwa moja kabla haijachanganyika na damu nyingi. Hoja hii, basi, inapunguza idadi ya wanaohitaji gesi, lakini haimwondoi mgonjwa mwenye figo zinazokaribia kushindwa.

Pingamizi zito zaidi ni hatari za gesi yenyewe. Haifai kabisa kwa ateri za juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kwa sababu povu likifika kwenye ubongo au mishipa ya moyo linaweza kuleta kiharusi au kusimamisha moyo. Gesi huelea juu ya damu kama mafuta juu ya maji, na ikikusanyika kwenye mishipa ya utumbo inaweza kuunyima damu. Vifo vya namna hiyo, japo vichache, vimeripotiwa. Ndiyo maana daktari husubiri dakika kadhaa kati ya dozi moja na nyingine. Mtungi hauunganishwi moja kwa moja na mrija wa mgonjwa, kwa kuwa shinikizo lake ni kubwa mno, na hewa ya chumba isiyo na rangi wala harufu inaweza kujipenyeza bila mtu kujua. Wenye ugonjwa mkali wa mapafu, au tundu kati ya vyumba vya moyo, wanahitaji uangalifu wa pekee. Picha za chini ya goti nazo mara nyingi hufifia, hata ikabidi kuongeza kontrasti kidogo.

Kwa hiyo bei nafuu ya gesi isimdanganye mtu. Kinachogharimu ni mashine ya kidijitali na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa Afrika Mashariki, mafunzo ya radiolojia tiba (matibabu yanayoongozwa na picha) yaliyoanzishwa mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Muhimbili ni hatua muhimu zaidi kuliko kununua mitungi. Nawe msomaji, ukiandikiwa kipimo cha mishipa, mweleze daktari mapema kama una ugonjwa wa figo, mapafu au moyo, au kama uliwahi kupata mzio wa kontrasti, kisha uliza ni njia ipi inayokufaa.