Ankara moja, nakala moja mpakani
Mfanyabiashara wa Namanga anayepakua ankara kutoka Google Drive, kuirekebisha kwenye Excel kisha kuipandisha tena, hubaki na nakala mbili. Akimtumia wakala wa forodha ile ya zamani, hesabu hazitalingana na mzigo, na lori litasubiri.

Dawa ni programu ya Google Drive ya kompyuta. Ukishaiweka, mafaili yako ya mtandaoni huonekana kama diski nyingine. Bofya ankara mara mbili, ifunguke kwenye Excel, rekebisha, hifadhi. Mabadiliko hupanda mtandaoni yenyewe, na wakala uliyemshirikisha faili huona hesabu mpya.

Intaneti ya mpakani husuasua, hivyo chagua mapema faili lifunguke hata bila mtandao. Ila kabla ya kumpigia wakala, hakikisha mabadiliko yamepanda.